Minite Yangu Kumi na Ine

Bandugu, mutaniacha niseme nikiwa nasimama. Hii muguu iko na chuma ndani, lakini leo hatutaiuliza kama inapenda.

Mbele ya aksida nilikuwa nakimbia na klabu yetu kule Ngezi. Kila mwezi tuko na mbio moja: bale ba polepole banaondoka mbele, bale ba mbio banaondoka nyuma, kila mutu na minite yake ya kutangulia, na mwenye kufika wa kwanza njo ameshinda. Minite inagawiwa na muzee mwenye anashika saa, mwalimu wa zamani. Mimi nilikuwa naondoka wa mwisho kati ya banamuke bote. Nilikuwa na kiburi, sifichi. Bamama benye kuondoka mbele niliwaita bagaje, mizigo ya kubebwa tu.

Kisha pikipiki ikanigonga. Mwaka muzima sikukimbia. Nyumbani baliniambia niache mambo ya mbio, nishukuru tu niko hai. Nilikataa. Siku nilirudia, muzee akanipa minite kumi na ine. Ni kusema niondoke mbele ya bote, mbele ya bale bamama! Haya ilinishika mpaka nikalia. Nikamuambia hana heshima, nikaenda kusimama nyuma, kwenye nafasi yangu ya zamani.

Bandugu, nawaambia, ile siku nilikula mavumbi. Nilikimbia, nikatembea, nikakimbia, nikatembea. Nikasema ndani ya roho: nikikuta bote balishaenda, napita mpaka nyumbani, na mbio imeisha kwangu.

Nikafika. Bengi balishaenda kweli. Lakini bamama ba bagaje balikuwa pale, balikaa chini mu majani, na muzee alikuwa anasimama, saa ingali inatembea mu mukono yake. Akaandika. Kisha akaniambia polepole:

"Mama, mimi sipimi huruma, napima muguu ya leo. Ukikimbia muzuri, minite nitakunyanganya."

Nilikasirika, bandugu, na ile kasirani ilinifaa. Mwezi yenye ilifuata nilikamata minite yangu yote kumi na ine, nikaondoka peke yangu, njia yote mbele yangu. Karibu bote balinipita. Lakini sikutembea hata hatua moja. Muzee akatosha minite moja, nikabakia na kumi na tatu. Kisha mbili. Bengine bakamuomba anionee huruma, mimi nikamuambia: "Tosha."

Leo nimebakia na sita. Munganga alisema muguu haitarudia vile ilikuwa. Pengine iko na haki. Nitamusikiliza, kisha nitavaa viatu. Sijashinda hata mara moja, na sasa bale bamama njo bananiita bagaje.

Aksanti kwao, baliningojea na mimi niliwadharau. Aksanti kwa muzee. Aksanti kwa mama wetu wa kine hapa, mwenye anatuzoeza kutembea tena, alinikunja goti mpaka nikamutukana, anisamehe. Aksanti kwa Mungu.

Na siye bote ba hii salle ya mazoezi: bekeye ya kuegemea, kiti ya magurudumu, bega ya mutu, tukamate bila haya. Ni minite yetu ya leo. Lakini tusiizoelee. Tufanye kazi mpaka bainyanganye.

Ndugu pale nyuma, nimekuona, umekaa karibu na mulango juu ya kutoroka. Njia ya kuja hapa mbele iko wazi. Kamata bekeye yako, kuja. Kama inakuomba saa moja, tutangoja saa moja.