Fidel Nyale Katana, Msumari wa Utange (1999–2025)

“Jina langu mmeliandika chini ya namba ya mwenye kukodisha viti!” Hayo ndiyo yalikuwa malalamiko ya marehemu Jumamosi tarehe 8 Februari mwaka huu, mkononi ana tangazo la shoo alilolibandua ukutani huko Kisauni. Juu kabisa, kwa herufi za kujaza karatasi, alikuwa Elkana Tinga wa Likoni, ambaye kwenye rapu huitwa Kivuko, kama marehemu alivyoitwa Msumari. Mwenye shoo alimjibu, “Msumari, viti vina wateja.” Neno hilo lilimkaa rohoni.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1999 hapa Utange, mtoto wa pili na mvulana wa kwanza wa Bwana Katana Nyale na Bi. Nyamvula. Kwa desturi yetu alipewa jina la babu yake, Nyale. Fidel ni la ubatizo. Akiwa na miaka saba, shangazi yake alimwambia abariki chakula. Akaomba kwa vina, akamtaja kuku, mpishi, kuni na aliyechota maji, hata pilau ikapoa. Vina vilikaa sawa. Pilau ndiyo iliyoteseka.

Alisoma shule ya msingi papa hapa, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka 2013, kisha sekondari hadi kidato cha tatu. Hakufukuzwa, kama wasemavyo wenye midomo. Aliacha mwaka 2016 baba yake alipofariki.

Kuanzia 2017 alikuwa kibarua wa kupakua makontena Changamwe. Siku zake za kupumzika alirekodi kwa rafiki yake Wafula, kwenye chumba chenye godoro ukutani na feni iliyozimwa ili isisikike kwenye wimbo. Hakuwa na kampuni wala meneja. Nyimbo alizitia kwenye flashi, akawagawia madereva wa tuktuk, na Kisauni nzima ikamjua.

Mwaka 2022 alimuoa Mercyline Kaviha, muuza viazi karai. Neno la kwanza Mercyline alilomwambia ni, “Kaka, zima huo mziki, wateja hawasikii bei.” Akazima. Hakuna mwingine aliyewahi kumzima. Walijaliwa binti mmoja, Nyamvula mdogo.

Baada ya lile tangazo, marehemu alitoa wimbo wa kumchamba mwenzake. Kuchambana ni kazi yao, na Kivuko alikwisha kutukanwa sana bila kulia. Lakini safari hii marehemu aliliacha jina la kazi, akamtukana kwa jina la nyumbani: Tinga. Elkana akampigia simu. “Nitukane Kivuko mwaka mzima, ni kazi. Tinga ni babu yangu. Mzee aliye kaburini amekukosea nini?”

Wazee wa Likoni hawakutaka makubwa. Walitaka kibuyu kimoja cha pombe ya mnazi, kama ilivyo ada anapotukanwa mzee. Shangazi yake alimwambia, “Peleka, mwanangu. Wewe mwenyewe umebeba jina la mtu.”

“Nikipeleka, shangazi, watasema Msumari umepinda.”

Hakupeleka. Vijana wa pande mbili wakaanza kurushiana maneno, halafu mawe. Jumamosi tarehe 22 Machi, mchana, kwenye shoo ya Frere Town, walishikana chini ya jukwaa. Marehemu aliingia katikati kuwaamua, akachomwa kisu ubavuni. Vijana wawili wameshtakiwa. Elkana si mmoja wao. Alikuwa jukwaani, kipaza sauti mkononi, na uwanja mzima ulimwona.

Alilazwa siku tisa. Siku ya saba alimwambia mamake, “Mama, kile kibuyu kipelekwe. Nisiingie udongoni nikidaiwa na mzee.” Alifariki Jumatatu tarehe 31 Machi, saa nne asubuhi.

Ameacha mama yake Bi. Nyamvula, mjane wake Mercyline, binti yake Nyamvula mdogo, dada yake Phoebe, mdogo wake Kiponda, na shangazi yake Eddah.

Familia imeomba na hili lisomwe. Jana, Ijumaa tarehe 11 Aprili, Bi. Nyamvula alikiinua kibuyu akamwita Kiponda avuke naye kwenda Likoni. Kiponda, aliyekuwa ameapa kulipiza, alikataa. “Mama, wao ndio wametuulia! Wao ndio watuletee!”

“Ya kwao yatadaiwa kortini,” mama alisema. “Hili ni letu. Shika.”

Alishika. Wako watakaouliza watu wa kanisa wanabebaje mnazi. Waulize tu, waliubeba, hawakuunywa. Huko walipokelewa na Bi. Agneta, mjane wa Mzee Tinga. Kiponda alipiga goti, akatoa shikamoo, akakiweka kibuyu chini. Bibi aliitikia marahaba, akamwaga kidogo mchangani, akaonja.

“Umechacha,” alisema. “Hiyo feri yenu imekaa sana na jua hili. Lakini Tinga amepokea.” Kisha akamshika Kiponda mkono. “Na wewe, mjukuu wangu, waambie wenzako huko kwenu: imekwisha. Nendeni mkamzike Nyale.”

Kiponda aliwaambia jana hiyo hiyo, na leo ndiye aliyebeba msalaba.

Lala, Nyale. Hudaiwi.