Wauguzi Waliopishana

Kwenye treni ya asubuhi, muuguzi mwenye sanduku jipya alikuwa akimwambia jirani yake wa kiti kwamba anaiacha wodi ya wazee hapa mjini. Ameajiriwa ng'ambo, maana huko wauguzi ni haba. Akaitaja hospitali yenyewe. Jirani akajipiga paja. "Dada wee! Huko ndiko nilikotoka juzi! Nimeletwa hapa kuziba pengo lako!"

Wakacheka hadi machozi. Mimi, niliyekaa mkabala nao, niliona nchi mbili zimehangaika sana ili zibaki palepale.

"Kabati letu la dawa lipige teke kwa chini, litafunguka," alisema anayeondoka.

"La kwetu ligonge kwa goti," akajibu mgeni, "na bibi wa kitanda cha nne hamezi dawa mpaka aimbiwe."

"Na leo ameimbiwa na nani?"

Kicheko kikakatika. Treni ikasimama.