Kisima cha Kikima na Jumamosi za Mzee Jonah Nzuki

Wapendwa mliokuja kutusaidia kubeba huzuni hii, mimi Mutindi, kifungua mimba wa marehemu, nimesimama kusoma maisha yake jinsi alivyoniagiza, bila kuruka mahali.

Mzee Jonah Nzuki alizaliwa Tawa mwaka wa 1934, akasoma hadi darasa la nne, kisha akajifunza kujenga kwa mawe na kuchimba visima, na tarehe 12 Agosti 1961 akamwoa mama yetu Muthoki, wakahamia hapa Kikima, wakajaliwa watoto watano.

Jioni ya tarehe 14 Septemba 1973, Mzee alifungua kisima cha kijiji, alichokichimba kwa mikono yake, ili abadilishe kamba, akaitwa nyumbani kwamba kuna wageni, akaenda, kifuniko akakiacha chini. Asubuhi yake Mbula, mtoto wa miaka minne wa jirani yetu Kalunde, alipatikana ndani amekufa, na kwa kuwa dada yake Syombua, wa miaka kumi na mmoja, alikuwa ameonekana akiteka maji siku hiyo, watu walisema ndiye aliyeacha kisima wazi, wakamwita muuaji hata njiani akienda shule, naye Mzee alisikia, akainamisha kichwa, akanyamaza.

Tangu wiki hiyo, kila Jumamosi kwa miaka kumi na minane, alilima shamba la Kalunde na kumtengenezea matuta, watu wakamsifu kwa huruma yake, na kila sifa ikamchoma, maana alijua kwamba anajaribu kujilipia dhambi, na Meza ya Bwana ilipoandaliwa alitoka nje kabla mkate haujamfikia.

Mwezi wa Machi 1992 jembe lilimshinda, akaketi kwenye tuta, akamwambia Kalunde yote. Mama huyo akaketi kando yake, akasema: "Baba Mutindi, kwa hivyo miaka hii yote ulikuwa unanilipa Mbula kwa jembe? Hiyo dhambi Yesu alishalipa kwa damu yake, na kama jembe lingetosha, basi alikufa bure. Mimi nimekuachilia, usilime tena. Lakini Syombua amebeba dhambi yako, na yeye si Yesu, alikuwa mtoto tu. Enda umtue."

Mzee alimfuata Syombua huko Migwani alikoolewa, akapiga magoti, naye akampa maji ya kunywa, akamwambia: "Mzee, mimi najua sikuacha kisima wazi. Waambie wale walioniita muuaji." Mzee alirudi, akaipokea Meza ya Bwana akilia, lakini mara tatu alisimama kanisani ili aseme, na mara tatu aibu ilimfunga mdomo, akaishia kuomba wimbo.

Ugonjwa wa ini ulimlaza Februari 1996, akafariki tarehe 9 Agosti, na siku nne kabla ya hapo alinishika mkono, akasema: "Mutindi, wasomee watu. Mimi nimeshindwa."

Basi nasoma, kwa aibu yetu sote watoto wake: Syombua hakuacha kisima wazi, aliyekiacha ni baba yetu. Syombua, uliyeketi hapo na mama yako, tunakuomba msamaha mbele ya hawa wote.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, mafundi wenzake, wazee wa kanisa, na majirani mliochimba kaburi tangu alfajiri, ninyi ambao leo mmesikia msiyoyajua.

Baba, ulishindwa kusema, umesemewa. Pumzika kwa amani.