Mkungu Kwanza, Spika Baadaye: Kumuaga Ta Onesphory Mwesiga

Baada ya miaka ishirini na tisa ya kutoboa kuta za watu kwa idhini yao, Ndugu Onesphory Mwesiga, au Ta Onesphory kama Wahaya tunavyomwita mzee kwa heshima, fundi mkuu wa duka letu la spika, Lweru Sauti, hapa Bukoba, anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2025. Ameomba asisifiwe sana. Ombi lake tumelipokea kwa mikono miwili, na tutalitekeleza zaidi ya alivyotarajia.

Alikuja kwetu mwaka 1996 kutengeneza redio za kaseti. Wakati huo alikuwa mwembamba. Picha ipo dukani, anayebisha akaangalie. Sababu ya mabadiliko itaeleweka huko mbele.

Zilipoingia zile seti za spika tano na sabufa moja, bosi wetu Bashiri alimkabidhi Ta Onesphory maboksi na kumwambia afunge. Ta Onesphory alizifunga. Alizipanga zote tano ukuta wa mbele, mstari mmoja, kama kwaya ya Kilutheri siku ya mavuno. Wateja walifurahi, wakalipa, wakaita majirani. Miaka miwili mji huu ulisikiliza sauti ya kuzunguka ambayo haikuzunguka popote, na hakuna aliyelalamika.

Aliyemfungua macho ni Mwalimu Rugaibula wa Muleba, mtu ambaye ukimwamkia anakusahihisha. Alimkalisha kwenye kiti katikati ya sebule, akawa anapiga makofi mbele yake, ubavuni, kisha nyuma ya kisogo, ili ajue spika mbili za mwisho zinatakiwa zikae nyuma ya msikilizaji, juu kidogo ya masikio, zikiwa zimeinamishwa. Ta Onesphory alishukuru kwa heshima zote. Halafu akarudi nyumba kwa nyumba kuhamisha spika, na kila mteja akaambiwa kwamba teknolojia imebadilika.

Kazi hii, kwa asiyejua, si spika. Spika hata mtoto anaiona. Kazi ni ukuta, na kile chuma kinachoishika spika, yaani breketi, na kile kinachoishika breketi. Ta Onesphory hubisha ukuta kwa vifundo vya vidole kama mgeni asiye na haraka, kisha hutoboa kidogo na kutazama vumbi. Likiwa la kijivu, ni bloku. Hapo huingiza fisha, kile kibomba cha plastiki, na skrubu yake, basi. Likiwa jekundu, ni tofali la kuchoma. Tundu liwe katikati ya tofali, kamwe si kwenye ungio. Likiwa jeupe na drili ikazama ghafla, hilo ni jipsam, na fisha ya kawaida humo ni sawa na kupigilia msumari kwenye uji. Jipsam inataka boliti yenye mabawa, yanayofunguka nyuma ya ubao na kuukumbatia.

Haya yote aliyajua hata siku ile ya Datius. Tunasema tu.

Datius ana baa karibu na stendi ya Muleba. Alitaka spika zifungwe kabla ya mpira wa jioni, na alikuwa nyuma ya fundi akimhimiza kama anayeswaga ng'ombe. Ukuta wa nyuma ulikuwa jipsam iliyopakwa rangi ya bloku. Ta Onesphory hakubisha, hakutazama vumbi, akaweka fisha. Bao lilipoingia dakika za mwisho, watu wakaruka, na spika ya nyuma ikaruka nao. Ilitua kwenye sinia. Hakuna aliyeumia isipokuwa kuku mmoja, na huyo alikuwa ameshachomwa tayari.

Ta Onesphory alikaa wiki nzima bila kutania mtu, na hapo tukajua ni mgonjwa kweli. Aliporudi kazini alikuwa na sheria. Nyumba ya kwanza aliyokwenda, alifunga breketi, akaangaza macho akitafuta kitu kizito kuliko spika, na katika nyumba ya Mhaya kitu hicho kipo siku zote: mkungu wa ndizi, nyuma ya mlango wa jikoni. Akaufunga kwa kamba, akauning'iniza kwenye breketi, akaenda zake. Kesho yake mkungu ulikuwa palepale. Ndipo akapandisha spika. Tangu siku hiyo hakuna spika yake iliyopanda bila mkungu kulala kwanza, na hakuna iliyoanguka.

Sasa, sheria haikusema mkungu uende wapi baada ya mtihani. Ta Onesphory aliijazia mwenyewe pengo hilo. Mkungu uliofaulu ni wa fundi. Ndiyo maana hafanani tena na ile picha ya dukani.

Ma Ephrasia wa Nyanga pekee ndiye aliyemshinda. Asubuhi alipoona jinsi ebitoke, ndizi zake, zilivyotulia juu ya kochi, hazigusi panya wala kuku, aligoma kuzishusha. "Breketi ni nzuri mno, haifai kwa spika," alisema. Spika zake ziko chini ya meza mpaka leo, na juu ya kochi ndizi zinaiva zikitazama televisheni.

Nyumbani Kishanda, mke wake Alistidia naye hakufurahi. Mwanamume mwenye shamba la migomba anashuka kwenye basi na mkungu kutoka mjini! Majirani walimuuliza kama shamba limeungua.

Tuseme sasa jambo zito. Kwa miaka kumi na moja msaidizi wake, Judica, amebeba drili na kupanda ngazi pamoja na Ta Onesphory. Bashiri alishasema wazi: Ta akimkubali, Judica ndiye fundi mkuu, asipomkubali, ataletwa mtu kutoka Mwanza. Miaka miwili tulimuuliza Ta, na jibu lilikuwa moja: "Bado." Tukiuliza bado nini, anasema Judica anatazama ukuta kama mtu anayetazama picha. Mwezi uliopita Judica alianza kuuliza nauli ya kwenda kutafuta kazi kwingine.

Zawadi yetu ya kumuaga ilikuwa seti ya spika, na Jumamosi iliyopita tulizipeleka Kishanda. Magoti yake hayataki tena ngazi, kwa hiyo mfungaji alikuwa Judica. Nyumba ile ni ya matofali ya kuchoma yaliyoungwa kwa udongo. Mzee akaamuru fisha kubwa na skrubu ndefu, katikati ya tofali. Judica akabisha ukuta. Akabisha tena.

"Ta, fisha itakaa vizuri kabisa ndani ya tofali," alisema, "halafu tofali litakaa vizuri sakafuni."

"Nyumba hii ameijenga baba yangu!"

"Ndiyo maana nataka ibaki imesimama, waitu," Judica alijibu kwa adabu.

Alistidia akatoka jikoni akamwambia mumewe kuwa leo yeye ni mteja, na mteja hukaa. Akakaa. Judica alitoboa ukuta mpaka nje, akapitisha boliti ndefu, akaikaza upande wa pili na bamba la chuma ili mzigo ubebwe na ukuta mzima. Mzee akaenda shambani mwenyewe kuchagua mkungu, na tuseme ukweli, alichagua kwa hila. Watu wawili waliubeba wakihema. Spika haijawahi kuwa na uzito huo tangu dunia iumbwe.

Jumapili, baada ya ibada, tulirudi wote. Mkungu ulikuwa palepale. Ta Onesphory akatoa pima maji mfukoni, akaiweka juu ya breketi, na kile kiputo cha hewa kikatulia katikati. Akazunguka nje kutazama bamba. Akarudi. Akabisha ukuta. Judica alikuwa anatazama miguu yake.

Kisha mzee akaufungua mkungu kwa mikono yake, akauburuta nje kwa shida, akakataa msaada, akaufunga nyuma ya pikipiki ya Judica. Akakaza fundo, akalijaribu, akalikaza tena.

Bashiri akamuuliza, "Kwa hiyo, Ta?"

"Kwa hiyo nini? Mkungu umeuona unakokwenda."

Mwanza haijapigiwa simu.

Ta Onesphory, wakola waitu, asante sana. Umetufundisha kubisha kuta kabla ya kuziamini, na kuficha mikungu yetu kila ulipokaribia. Magoti yapone, sauti ikuzunguke pande zote kama Mwalimu alivyotaka, na Ma Alistidia akuvumilie. Kuanzia Jumatatu, ndizi utakazokula ni zile ulizopalilia mwenyewe.