Bi Koili, Aliyeirefusha Fimbo Fupi

Ndugu waombolezaji, mfikirieni akiingia uani kwenu kama alivyozoea: kibwebwe kiunoni, kipima umeme kinaning'inia shingoni mithili ya kidani, macho yameshapanda paani kabla mguu haujavuka kizingiti. "Hodi wenyewe! Ile nguzo mnaitumia?" Ukichelewa kujibu, nguzo imekwenda kubeba antena yake. Ndivyo alivyokuwa shangazi yetu, ambaye wengi tulimwita Bi Koili.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1958 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, kitinda mimba wa baba mshika bendera za treni na mama mshonaji. Mama yake alikuwa akisema, mtoto huyu habembelezwi kwa wimbo. Mfungulie redio, hata ikikoroma tu, atanyamaza.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1966 hadi 1972, kisha akaingia chuo cha ufundi na kuhitimu umeme mwaka 1977, msichana pekee darasani. Wenzake walimtania, "Dada, jiko liko upande ule." Akawajibu, "Nimeliona. Koili yake, ule waya uliosokotwa, imeungua. Nani kati yenu ataisuka?" Jina likamganda hapo hapo.

Tangu 1978 hadi alipostaafu 2016 alisuka mota katika karakana iliyo nyuma ya stendi ya malori. Mwaka 1983 alipata leseni ya redio ya ridhaa, ile ya watu wanaoongea na walimwengu kwa mapenzi tu.

Tarehe 21 Septemba 1985 alifunga ndoa na dereva wa lori la masafa marefu. Alipoposwa, bwana alimwonya: "Mimi nikiondoka, sijulikani nilipo. Utavumilia?"

"Sivumilii," alisema. "Nitakusikia."

Bwana ikabidi naye afanye mtihani wa leseni. Alifeli mara mbili, na mkewe hakuacha kuwasimulia wageni. Kisha ikaja kazi ya antena. Wimbi walilolitaka lilihitaji fimbo ndefu kupita nyumba ya ghorofa, na lori lisingepita nayo chini ya daraja lolote. Bi Koili akachukua fimbo fupi, akaikata katikati, akapachika hapo koili ya waya wa shaba. Urefu uliokosekana akawa ameukunja humo. Chini, kati ya shina la fimbo na bodi ya lori, akafunga koili nyingine ndogo. "Hii ni mshenga," alieleza. "Redio inasukuma, antena inakataa, sauti inarudi nyumbani kwao. Lazima awepo wa kuwapatanisha."

Akapima kwa mita yake ya mshale, mambo sawa. Bwana akaondoka, na hakusikika. Akarudi, wakapima tena, sawasawa. Akaondoka, kimya. Mawifi wakaanza: "Mume humpati kwa waya, bibi!" Akaisuka koili upya, safari baada ya safari, hadi siku moja, wakiwa katika kupima, mama mkwe alipowaita chai. Bwana, aliyekuwa ameegemea mlango wa lori kama kawaida yake, akaondoka kuifuata. Mshale ukaruka.

"Kumbe ni wewe!"

"Nimefanya nini tena?"

"Umeegemea! Siku zote hizi nimepima antena na mume juu yake!" Mwili wa mtu karibu na fimbo fupi kama ile huivuruga. Akapunguza na kuongeza mizunguko ya waya, watu wote wakiwa mbali, na safari iliyofuata sauti ikafika nyumbani safi kama mtu wa chumba cha pili. Tangu hapo kila jioni bwana aliita, naye alijibu.

Mwaka 2022 moyo wake ulianza kuchoka. Bwana alitaka kuegesha lori kabisa. "Nikiwa njiani, ukaniacha, je?" Akajibiwa, "Mimi mgonjwa, si kiziwi. Nenda, halafu uniite." Wakabishana kama vijana. Akaenda.

Asubuhi ya tarehe 14 Machi 2024 bwana aliita akiwa njiani kurudi. Binti akamshikia mama kipaza sauti. "Nakusikia vizuri," alisema. "Endesha taratibu." Bwana alifika nyumbani kabla ya adhuhuri. Mkewe alikuwa ameshatangulia.

Marehemu ameacha mume, binti muuguzi, mwana fundi wa kuchomelea, wajukuu watano, kaka mmoja, na marafiki wengi wa redioni ambao hakupata kuwaona sura. Tunamwombea pumziko jema, shangazi yetu.

Lakini kuna jambo alilotusihi hadi mwisho: mmoja wetu afanye ule mtihani wa leseni ya redio. "Si mgumu," alisema, "hata mume wangu amefaulu." Sote tulicheka, na hakuna aliyekwenda. Lori litaondoka tena baada ya matanga. Jioni, bwana akiita, nani atamjibu?