Joyceline wa Stoo na Ile Sauti Iliyozunguka

Joyceline Mwakibete alistaafu rasmi Alhamisi tarehe 30 Juni 2022, baada ya kutumika miaka thelathini na moja na miezi minne kasoro siku chache, hospitali moja tu, stoo moja tu. Alianza Jumatatu tarehe 4 Machi 1991 akiwa mpanga maboksi. Ameondoka akiwa mkuu wa stoo nzima, na watu kumi na mmoja chini yake, Wazungu wakiwemo. Wenzake wa kazini walimwandikia wasifu wao kwa Kiingereza, nimetafsiriwa, ni mzuri, ila hao hawakumjua alipokuwa na miaka sita. Ndiyo maana kamati ya jumuiya yetu ya Waswahili wa Sydney imeniomba mimi mama yake, Rozina, niandike huu wa kwenye ratiba ya sherehe ya leo. Nina miaka themanini na minne na darasa la nne. Mtanivumilia.

Kamati walitaka kitu kifupi cha kuchekesha. Cha kuchekesha kipo. Lakini kuna na jambo moja la kusikitisha, nalo nimewaambia wasilikate.

Joyce ni kifungua mimba wangu, alizaliwa Tukuyu mwaka 1959. Nyumbani kwetu mche wa sabuni nilikuwa naukata vipande sita kwa uzi, na anayetaka kipande kipya aoneshe kwanza kile kilichobaki. Mtunza sabuni alikuwa yeye. Mdogo wake Lusekelo alipokuja siku moja akilia kwamba kipande chake kimechukuliwa na kunguru, Joyce alimshika mkono wakazunguka shamba zima kumtafuta huyo kunguru. Walirudi na sabuni. Ilikuwa mfukoni mwa Lusekelo. Kwa hiyo wanaposema kazini kwamba Joyceline ana kipaji, mimi nacheka tu moyoni, maana najua kimetoka wapi.

Alikuja Sydney mwaka 1990 kusomea mambo ya ugavi, akapata kazi, akabaki. Stoo yake ilikuwa na sheria ambayo hamtaikuta kwenye kitabu chochote. Ukija na fomu ya kuomba kitu kipya, hata uwe nani, unashuka mwenyewe mpaka dirishani na unajibu maswali mawili: nani atakitumia, na lini? Siyo idara gani. Jina la mtu, na siku. Wengi walifika na fomu ya vitu kumi wakaondoka na vitatu. Wengine walijiuliza wenyewe wakiwa bado kwenye ngazi, wakageuza. Kuna daktari bingwa wa mifupa aliyetaka kiti kipya cha ngozi. Joyce akamwambia, "Karibu ndani, daktari, jaribu hivi kwanza," akamkalisha kwenye viti vya zamani kimoja baada ya kingine mpaka wakapata kisicholia. Yule daktari alikikalia miaka tisa, na siku anastaafu akaomba aondoke nacho. Joyce akakataa. Mali ya umma.

Korona ilipoingia, Machi 2020, hospitali nyingi zilihangaika na glovu. Kwa Joyce hazikuisha hata siku moja, kwa sababu kila boksi lilikuwa na tarehe yake, na lililotangulia kuingia ndilo lililotangulia kutoka. Wakubwa wakampa cheti chenye fremu. Yeye alitaka kukiweka kabatini. Nimekitundika sebuleni kwetu hapa Doonside, ninapoishi naye, usawa wa macho, mgeni akiingia hana pa kukikwepa.

Sasa niwaambie habari ya Marekani, maana huwezi kumwelewa Joyce bila Marekani. Lusekelo anaendesha lori huko Ohio tangu mwaka 1996, ana nyumba yake na banda la magari mawili, nawaambia tu. Kila Jumapili asubuhi, kwake ikiwa bado Jumamosi jioni, alikuwa anapiga simu, na watoto wangu wawili hao waliijadili serikali ya Marekani kama watu wengine wanavyojadili mpira. Barabara imewekwa lami mwezi wa tano, mwezi wa saba imechimbuliwa kupitisha bomba. Cheki ya msaada wa korona imekuja kwa jirani yake aliyezikwa Krismasi. "Dada, huyu marehemu wangempeleka dirishani kwako," anasema Lusekelo, na Joyce anacheka mpaka anaweka kikombe chini.

Ila kilichomkera Joyce zaidi ya hela zinazomwagika ni jinsi watu wanavyobishana kule. Alikuwa akitazama habari zao kwenye televisheni, anatikisa kichwa, ananitafsiria. "Mama, hawa hawaulizi kama jambo ni la kweli. Wanauliza kwanza nani kalisema. Akiwa wa upande wao, ni kweli. Akiwa wa upande ule, ni uongo." Ilimuuma kama ni nchi yake. Alikuwa anaona watu waliosoma, wenye kila kitu, wanakataa kufikiri kwa hiari yao.

Kidogo kidogo Lusekelo naye akaingia humo humo. Chanjo ilipotoka akasema hachanji: serikali inayotuma cheki makaburini itamwambia nini yeye kuhusu sindano? Nilikuwa nimekaa pembeni namenya viazi, nikamsikia Joyce anamjibu polepole, "Lusa, kupoteza hela ni kosa moja. Kusema uongo ni kosa jingine. Usiyafunge kwa kamba moja." Lusekelo akasema, "Dada, wewe unalipwa na serikali, utasema nini kingine?" Siku hiyo simu ilikatwa mapema.

Ikafika Julai 2021, Sydney yote tumefungiwa majumbani, na Joyce anaenda kazini na karatasi ya ruhusa. Nyuma ya stoo yake kulikuwa na makontena mawili ya barakoa zilizonunuliwa na ofisi ya juu bila kumuuliza mtu. Ukivuta mpira wa sikioni, unakatikia mkononi. Alikuwa ameandika barua tatu. Mara tatu akajibiwa kwamba wanamshukuru kwa maoni yake. Jioni moja, amechoka, akamrekodia mdogo wake ujumbe wa sauti. Zilikuwa sauti mbili, maana kidole kiliteleza katikati. Ya kwanza ilikuwa ya hasira: barakoa hizi hazifai hata kufungia vitumbua, wananunua tu, hakuna anayeuliza, wakubwa hawajui wanachofanya. Ya pili ilikuwa ya upole: pamoja na hayo yote, mdogo wangu, sindano ni jambo lingine, imepimwa na watu wanaojua, mimi nimechoma, mama nimempeleka kachomwa, nenda na wewe, nakuomba, nisalimie watoto.

Lusekelo akaituma ya kwanza kwa rafiki zake. Ya pili akabaki nayo. Alisema baadaye kwamba ile ilikuwa na salamu za watoto wake, mambo ya nyumbani, na mambo ya nyumbani hayarushwi kwa watu. Sikuona ubaya ndani ya maneno yake. Lakini haikupita wiki, ile sauti ya kwanza ilikuwa imezunguka dunia na kurudi Sydney, na juu yake mtu kaandika: Mkuu wa stoo ya hospitali Australia atoboa siri. Binti yangu alisema barakoa za makontena mawili ni mbovu. Watu wakasikia kwamba ugonjwa hakuna na sindano ni biashara. Yale aliyokuwa akiyaona Marekani kwenye televisheni yakawa yanafanyika Auburn na Liverpool, hapa hapa Sydney, kwa Kiswahili, na sauti ni yake.

Mzee Katembo wa Auburn wengi wenu mlimjua, Mkongomani wa Butembo, aliyekuwa akiimba besi kanisani mpaka benchi linatetemeka. Siku yake ya sindano ilikuwa imeshapangwa. Akaisikiliza ile sauti, akamwambia mkewe Bibiane, "Ye mwenyewe wa stoo amesema. Tungoje kwanza." Aliugua katikati ya Agosti. Tarehe 6 Septemba tukampoteza. Wakati ule mazishi yalikuwa ya watu kumi tu, hata wanakwaya wenzake hawakufika.

Bibiane alimpigia Joyce wiki iliyofuata. Simu ilikuwa kwenye spika, nilisikia. "Mama Joyceline, ile sauti ni ya kwako ao si ya kwako?" Joyce akasema, "Ni yangu, mama." Bibiane akasema, "Basi," akakata. Nikamuuliza mwanangu kwa nini hakumweleza kwamba kulikuwa na ya pili. Akaniambia, "Nimwambie nini, mama? Kwamba mumewe amekufa kwa kukosa dakika mbili za mwisho?"

Alichukua likizo yake, wiki tatu, akakaa mezani na orodha ya jumuiya, akapiga simu nyumba kwa nyumba. Aliwasikilizisha sauti zote mbili. Alitukanwa na watu ambao leo wamekaa kwenye ukumbi huu, sitawataja, wanajijua. Mama mmoja wa Liverpool akamwambia, "Jana ulisema vile, leo unasema hivi, kesho utasema nini?" Joyce akamjibu, "Kesho nitakupigia tena." Na akampigia. Yule mama alichoma siku ya Ijumaa. Mpaka mwisho wa Oktoba karibu orodha yote ilikuwa imechoma, na kama kuna cheti kilichotakiwa kuwekwa fremu ni cha kazi hiyo, lakini haikuwa kazi ya kuajiriwa na hakuna aliyetoa. Lusekelo naye alichoma mwezi huo wa kumi. Hakuniambia yeye, niliambiwa na mkewe.

Kazini walimwita. Hawakumfukuza, walimwonya tu asizungumzie mambo ya ndani nje. Yeye aliitika. Na tangu siku hiyo, wenzake wananiambia, Joyceline hakuuliza tena. Fomu ikija, anaipigia muhuri, watu wanachukua. Februari mwaka huu lori likaja kubeba yale makontena mawili kuyapeleka jalalani, na karatasi ya kuyatoa aliisaini yeye. Alikuwa amepanga kufanya kazi mpaka 2024. Jioni ile alirudi, akavua viatu, akaniambia ameandika barua ya kustaafu. Kuna watu wanasema amechoka. Hakuchoka. Alijua kuuliza, na sisi tulimfundisha kwamba kuuliza kunaua watu. Hilo si kweli, lakini nani angemwambia? Najuta kwamba stoo ile imempoteza kwa njia hiyo.

Sasa lile nililosema wasilikate. Mnasema ni Lusekelo aliyeileta ile sauti Auburn. Lusekelo hana namba ya mtu yeyote Auburn. Mimi ndiye niliyetumiwa na mpwa wangu aliyeko Mbeya. Nikaifungua, nikasikia sauti ya binti yangu inavyowapa wakubwa ukweli wao, kifua kikanijaa fahari. Nikaituma pale pale kwenye kundi la akina mama wa Auburn, na nikaandika: Msikieni Joyce wangu. Sikujiuliza kama imekamilika. Sikujiuliza mtu mwingine atasikia nini. Nilitaka tu mjue ni mwanangu. Kutoka kwenye kundi hilo ndipo ilipofika mezani kwa Katembo.

Joyce alijua. Ndiye anayenisafishia simu yangu ikijaa picha. Aliiona pale, na siku niliyoituma, na maneno yangu. Akanirudishia simu mkononi, akaniuliza kama nimekunywa dawa ya presha. Hajalitaja mpaka leo. Katika simu zile zote, na matusi yale yote, hakumwambia mtu hata mmoja kwamba ni mama.

Bibiane, kadi ya leo nilikuletea mwenyewe. Tulikaa, ukanipa chai, na maneno haya nikarudi nayo nyumbani kwa sababu niliogopa. Hukusema utakuja wala hutakuja. Kama umekuja, unayasoma. Kama hukuja, nimemwomba katibu akupelekee ratiba. Hasira uliyomwekea Joyceline mwaka huu wote, niletee mimi. Ni yangu. Mimi ni mzee, sitaibeba muda mrefu, lakini naomba niibebe. Yeye mwachie.

Nawashukuru wenzake wa stoo waliomtunza, wauguzi waliokuwa wakishuka ngazi wakinung'unika na kupanda wakicheka, na kamati mliokubali kuchapa kurasa nyingi kuliko mlizotaka. Tunamshukuru Joyceline kwa kila kitu alichokilinda ambacho hatukujua kwamba kinalindwa.

Mwanangu, haya hukuyasoma kabla, unayasoma sasa pamoja na watu. Nakutakia mapumziko marefu, yenye usingizi. Umetumika vizuri, na najivunia, nitaendelea kujivunia, hilo sitaliacha. Leo watu watanitazama na pengine mtu atasimama aseme neno. Kaa chini, Joyce. Usinitetee.