Mama Aliyeomba Maji Akiwa na Robine Yake

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Sogezeni redio kidogo, leo tunazungumza polepole. Mama Florentine Kankolongo ametuacha. Alikuwa mjane, alikuwa mama wa mtaa wa Musonoi, na kule Musonoi nani hakumjua?

Kule watu walichota maji kwenye robine moja, bomba la mtaa mzima. Mama Florentine alifika wa kwanza, akaondoka wa mwisho. Kwenye foleni hiyo ndiko alikojuana na marehemu mume wake. Hapohapo alipatanisha waliogombana, hapohapo alicheka mpaka kitenge kinamfunguka. Maji? Ah, maji yalikuwa kisingizio tu!

Halafu mgodi ukasogea karibu na nyumba. Watu wakahamishwa, huyu huku, yule kule. Mama Florentine akapewa nyumba mpya upande mwingine wa mji, na robine yake mwenyewe ndani ya lupango, uani kwake. Kila nyumba na robine yake, kila nyumba na ukuta wake. Binti yake Shekina, anayeishi Lubumbashi, alimpigia simu akifurahi: "Mama, sasa uko muzuri, hautabeba tena ndoo." Mama akamjibu: "Mutoto wangu, huku hakuna mutu ananisalimia."

Basi akaanza jambo lililowashangaza majirani. Robine yake inatoa maji vizuri, lakini yeye anachukua ndoo tupu, anaenda kugonga kwa Noëlla, jirani wa ukuta kwa ukuta. "Hodi, mama. Naomba mayi kidogo." Kesho tena. Watu wakasema huyu mama ana choyo, anaogopa kulipa maji yake. Jamani! Alikuwa anatafuta mtu wa kuongea naye. Upweke ulikuwa unamla, na njia ya kupata rafiki aliijua hiyo moja tu.

Jumanne hakugonga. Jumatano pia hakugonga. Noëlla akaenda kuangalia, akamkuta kitandani, ameshafariki.

Kwenye kilio, Noëlla alimshika Shekina mkono huku analia: "Yaya, dada yangu, mi nilikuwa namujazia ndoo mbio, ili aende. Siku zote alisimama pa mulango. Sikumupatiaka kiti hata siku moja."

Shekina, na ndugu wote, poleni sana. Mungu ampokee mama yenu. Na sisi tuliobaki tujiulize: nyuma ya ukuta wetu anakaa nani? Jirani yako akigonga leo, msikilizaji mpendwa, usimuulize anataka nini. Mpe kiti kwanza.